Mtoto Haelewi Asomacho, au Hapendi Asomacho?



Yupo mtoto mmoja ambaye kila mwalimu wa darasa la nne amekwisha kumfundisha. Akiitwa asimame asome, husoma. Herufi anazijua, silabi anaziunganisha bila kukwama, na penye nukta hutua kama alivyofunzwa. Habari yenyewe, mathalani, yahusu namna karatasi inavyotengenezwa kiwandani. Amalizapo, mwalimu humwuliza: "Habari hii inatueleza nini?" Mtoto hutazama chini. Akiulizwa mara ya pili hutoa neno moja alilolikumbuka mwishoni mwa aya, na darasa zima hucheka. Jioni ya siku hiyo hiyo mtoto yule hutumwa kununua maandazi, naye mwuzaji humfungia kwa kipande cha gazeti kuukuu. Njiani mtoto hukikunjua kipande kile, hukipangusa mafuta kwa kidole, na kusoma habari ya mchezo wa Simba na Yanga uliochezwa miezi mingi iliyopita. Afikapo nyumbani aweza kueleza nani alifunga, kwa nini mwamuzi alilaumiwa, na hata jambo ambalo mwandishi hakulitaja waziwazi, kwamba timu iliyoshindwa ilikuwa imechoka mapema.

Shuleni mtoto huyu huandikwa kuwa "hana ufahamu". Hukumu hiyo ni nzito. Huingia katika ripoti, mzazi huisoma au husomewa, na mtoto mwenyewe huiamini kabla hajafika darasa la saba. Yafaa basi ichunguzwe kama ni ya haki.

Watu wazima wasimcheke mtoto huyo upesi. Katika ofisi yoyote, waraka wa kurasa nane kuhusu utaratibu wa kujaza fomu za vifaa husomwa mara tatu bila kuingia akilini, na anayeusoma hujikuta amefika ukurasa wa pili huku mawazo yako nyumbani. Lakini waraka wa mishahara mipya, hata ukiwa umebandikwa juu ukutani na watu kumi wamesongamana mbele yake, husomwa mara moja tu na hakuna asiyeuelewa, pamoja na yale maelezo madogo ya chini. Macho ni yale yale na elimu ni ile ile. Kilichobadilika ni haja ya msomaji kwa kile anachokisoma.

Ni kweli kwamba haja peke yake haisomi. Mtoto asiyeweza kuunganisha "m" na "a" hatalielewa gazeti la michezo hata akilipenda namna gani, na wale wanaodhani kwamba picha nzuri na nyimbo zitaondoa kazi ya kufundisha herufi wanajidanganya. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015, uliotilia mkazo Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulikuja kwa sababu hiyo, baada ya kuonekana kwamba watoto wengi walikuwa wakipanda madarasa bila ya kujua kusoma. Lakini kujua kutamka yaliyoandikwa ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kujenga maana, na hapo ndipo mtoto wa maandazi anapopotea njia.

Mwaka 1974, wataalamu wawili wa elimu nchini Marekani, Asher na Markell, walichapisha matokeo ya uchunguzi waliowafanyia watoto wa darasa la tano. Hawakukisia watoto wanapenda nini, waliwauliza. Kila mtoto alionyeshwa picha za mambo mbalimbali, akasema lipi lampendeza na lipi halimpendezi. Baadaye kila mmoja akapewa habari za kusoma zilizotolewa katika ensaiklopidia ya watoto: nyingine juu ya mambo aliyoyapenda, nyingine juu ya yale asiyoyajali. Ndani ya habari hizo baadhi ya maneno yalikuwa yamefutwa, na mtoto alitakiwa kuyarudisha. Njia hii ya kujaza nafasi, iliyoenezwa na Wilson Taylor tangu mwaka 1953, ni kipimo kizuri cha ufahamu, maana asiyefuata maana ya sentensi hawezi kulipata neno lililokosekana.

Matokeo yalikuwa kwamba watoto walielewa zaidi habari walizozipenda. Lakini lililo kubwa zaidi linahusu wavulana. Katika habari zisizopendeza, wavulana waliachwa nyuma sana na wasichana, kama ilivyozoeleka kusemwa kwamba wavulana ni wazito wa kusoma. Katika habari zilizowapendeza, pengo hilo karibu liliondoka. Kama wangalipimwa kwa habari za aina moja tu, wangaliandikwa kuwa wasomaji dhaifu, na hakuna ambaye angalijua kuwa kilichopimwa si akili yao bali ni uvumilivu wao mbele ya mambo yasiyowahusu.

Hapo mtu makini atauliza swali: je, si kwamba mtoto huelewa zaidi habari anayoipenda kwa kuwa tayari anaijua? Swali hilo ni la haki. Mwaka 1988 watafiti wengine wa Marekani, Recht na Leslie, waliwapa wanafunzi habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji waliohesabiwa kuwa dhaifu, lakini waliokuwa wakiujua mchezo huo, waliikumbuka na kuieleza habari ile vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua mchezo. Maarifa yana nguvu kubwa, wala haifai kuyachanganya na mapenzi. Hata hivyo, katika maisha ya mtoto mambo haya mawili hayaishi mbalimbali. Apendaye mpira huusikiliza redioni, hubishana juu yake kisimani, hujifunza majina na kanuni zake. Na kadiri ajuavyo ndivyo atakavyo kujua zaidi. Asiyependa kusoma husoma kidogo, hupata maneno machache, huona kusoma ni kugumu zaidi, naye husoma kidogo zaidi. Mtaalamu Keith Stanovich aliuita mwendo huo mwaka 1986 kwa kurejea maneno ya Injili ya Mathayo, kwamba mwenye kitu huongezewa na asiye nacho hunyang'anywa hata kile kidogo.

Lakini haja hufanya nini hasa ndani ya kichwa cha msomaji? Chukua mfano wa sentensi moja: "Nahodha alitazama upande wa kusini, akaamuru tanga lishushwe mara moja." Sentensi haikusema kuwa upepo unakuja, wala kwamba ni upepo mkali, wala kwamba chombo kimo hatarini. Yote hayo hutiwa na msomaji. Mtoto anayetaka kujua chombo kitafika au kitazama husimama hapo kidogo na kujiuliza, "Kwa nini alishushe?" Akishindwa, hurudi nyuma sentensi mbili kutafuta alichokikosa. Mtoto asiyejali habari ya chombo hicho hupita. Huyatamka maneno yote kumi bila kosa, na hajui kwamba hakuelewa. Hii ndiyo tofauti yenyewe. Mwenye haja hugundua mahali alipopotea. Asiye na haja hupotea bila kujua, kwa sababu hakuwa akienda popote. Mwalimu anayemsikiliza kwa sikio tu hawezi kuwatofautisha watoto hao wawili, maana wote wamesoma sawasawa.

Wako wanaoogopa kwamba maneno ya namna hii ni kuwadekeza watoto, na kwamba maisha hayamwulizi mtu anapenda nini. John Dewey aliijibu hofu hiyo zamani, katika kitabu chake cha mwaka 1913 juu ya haja na jitihada katika elimu. Alieleza kwamba mambo hayo mawili si maadui: mtoto aliyeshikwa na jambo hufanya jitihada kubwa kuliko yule anayesukumwa, na yule anayesukumwa hujifunza zaidi namna ya kuonekana anafanya kazi. Walimu wanaijua sura hiyo vizuri, macho yakiwa kwenye kitabu na akili ikiwa chini ya mwembe.

Katika kusukuma, shule nyingi zimezoea njia mbili, kiboko na zawadi. Juu ya kiboko si haja kusema mengi. Mtoto aliyeadhibiwa kwa kuambiwa asome ukurasa mmoja mara kumi amefundishwa kwamba kusoma ni adhabu, na funzo hilo halisahau. Zawadi ni jambo la kuangaliwa zaidi, kwa sababu huonekana kuwa njema. Mwaka 1973 Lepper na wenzake wawili walichapisha uchunguzi juu ya watoto wadogo wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe kama wangechora. Kundi jingine halikuahidiwa kitu. Baadaye, watoto walipoachwa wacheze watakavyo, wale walioahidiwa cheti walizigusa kalamu kwa muda mfupi zaidi kuliko wenzao. Kazi waliyokuwa wakiifanya kwa furaha ilikuwa imegeuka kuwa kazi ya kutafuta cheti. Haina maana kwamba mtoto asipongezwe. Na kwa yule asiyependa kabisa, kichocheo kidogo cha kumwanzisha hakina madhara yayo hayo. Lakini shule inayotoa daftari kwa kila kitabu kilichosomwa yafaa ijiulize watoto watasoma nini siku madaftari yatakapokwisha.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya shule za vijijini hautoki Marekani, bali Fiji, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki. Huko watoto wa vijijini walikuwa wakijifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni, kwa mazoezi ya kukariri miundo ya sentensi, na vitabu vya hadithi vilikuwa haba. Kuanzia mwaka 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka katika madarasa ya nne na ya tano ya shule kadhaa vitabu vya hadithi 250 vya Kiingereza, vyenye picha, vilivyochaguliwa kwa sababu vingewapendeza watoto. Katika baadhi ya madarasa watoto walisoma kimya kwa muda mfupi kila siku, kila mtu kitabu alichokichagua. Katika mengine mwalimu aliisoma hadithi pamoja na darasa, akaizungumza nao, wakaiigiza na kuiandika upya. Shule nyingine ziliendelea na mazoezi ya zamani ili kulinganisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1983 yalionyesha kwamba watoto waliopewa vitabu waliendelea katika kusoma na kusikiliza kwa kasi iliyo kama mara mbili ya wenzao, na mwaka uliofuata manufaa yalienea hata katika kuandika na sarufi, ingawa sarufi hawakufundishwa zaidi ya wengine. Walimu wa Tanzania, ambako mtoto amalizapo shule ya msingi kwa Kiswahili hukabiliwa na masomo ya sekondari kwa Kiingereza, wana sababu ya kuitazama Fiji kwa jicho la karibu.

Hapa nchini nako lipo funzo la kale ambalo halijatumika kikamilifu. Wakati wa kampeni ya elimu ya watu wazima, mikoa ya Ziwa Viktoria ilianza mwaka 1968 kutumia vitabu vya kwanza vya kusomea vilivyoandikwa kwa kufuata kazi za watu: kilimo cha pamba, migomba, uvuvi, maarifa ya nyumbani. Nia ilikuwa njema na yenye busara, kwamba mkulima atasoma kwa bidii yale yanayomhusu. Na wengi sana walijua kusoma katika miaka ile. Lakini jambo moja la kibinadamu lilisahauliwa. Mtu aliyeshinda juani akipalilia pamba, jioni hakosi kutamani kusoma kitu kingine kisichokuwa pamba. Kumhusu mtu si sawa na kumpendeza. Mtoto wa mvuvi wa Mafia anayo maarifa ya dema na nyavu, na kitabu kinachozitaja kitamsaidia kuanza. Lakini huenda anachokitaka kwa moyo ni habari za ndege, au za simba, au za mtoto aliyepotea mjini. Ndiyo maana Asher na Markell waliwauliza watoto badala ya kuwaamulia. Kosa la kuandika vitabu kwa kufikiri tu kwamba mtoto wa kijijini hutaka kusoma habari za kijiji limejirudia mara nyingi, na limefanywa na watu waliokuwa wakimtakia mema.

Wazee walio humu watakumbuka pia miaka ya sitini na sabini, vijana walipokuwa wakizificha riwaya za upelelezi chini ya madawati. Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965 alifungua mlango, na wengi wakafuata. Walimu walizinyang'anya riwaya hizo, na pengine walikuwa na sababu zao za maadili. Lakini ni wachache waliosimama kujiuliza kwa nini kijana aliyeshindwa kujibu maswali matano ya ufahamu juu ya aya mbili aliweza kufuatilia kisa cha kurasa mia moja, chenye wahusika kumi na uwongo wa kila aina, na kumkisia mwuaji kabla ya mwisho.

Sasa lipo jambo moja ambalo watumishi wa elimu wilayani na mikoani hulifahamu vizuri, ingawa halizungumzwi sana mikutanoni. Vitabu vya hadithi vya Kiswahili vipo kuliko ilivyokuwa zamani. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa mwaka 1991 peke yake umesaidia vitabu vingi kuchapwa na kufikishwa shuleni. Lakini katika shule nyingi vitabu hivyo vimo kabatini katika ofisi ya mwalimu mkuu, na kabati limefungwa. Huenda mgeni akifika hufunguliwa akaonyeshwa: safi, vimepangwa, vina mhuri. Mwalimu mkuu hafanyi hivyo kwa ubaya. Vitabu vimeandikwa katika leja ya vifaa. Siku ya ukaguzi ataulizwa viko wapi, na kitabu kilichopotea au kuchanika atakijibia yeye. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa na watoto mia mbili huhesabiwa hasara. Kitabu kile kile kikikaa miaka mitano bila kufunguliwa huhesabiwa mali. Katika utaratibu kama huo, mwalimu mwenye busara ya kujilinda atafunga kabati.

Lawama hapo haimwangukii mwalimu. Inawaangukia wanaotunga fomu na wanaokagua. Hakuna kinachozuia utaratibu wa vifaa kukitambua kitabu cha hadithi kuwa ni kitu cha kutumika na kwisha, kama chaki. Chaki haikaguliwi kama ipo. Hukaguliwa kama ilitumika. Mthibiti ubora wa shule anapoingia darasani huomba andalio la somo na azimio la kazi, na ni sawa aombe. Lakini angaliomba pia kuonyeshwa kitabu kimoja cha hadithi kilichochakaa kuliko vyote, angalijifunza mengi juu ya shule hiyo kwa dakika moja.

Mwalimu naye, hata kabla fomu hazijabadilika, hakosi njia. Shule isiyo na vitabu vya kutosha inao wazee wenye hadithi. Watoto wakitumwa kuzisikiliza, wakaziandika katika madaftari yaliyoshonwa pamoja, darasa hupata kitabu ambacho kila mtoto hutaka kukisoma, kwa kuwa jina la mwenzake limo. Mwalimu aweza kuwasomea hadithi kwa sauti na kukata mahali ambapo mlango unagongwa usiku, kisha akakiacha kitabu juu ya meza. Maswali ya ufahamu yaweza mara moja moja kutungwa na watoto wenyewe, maana anayetunga swali hulazimika kuelewa. Na habari ile ya karatasi kiwandani haihitaji kutupwa. Mwalimu akianza kwa kuwapa watoto kipande cha karatasi wakichane, wakaziona nyuzinyuzi zake pembeni, wakabishana kama kweli kilikuwa mti, basi habari ile itasomwa na watu wenye swali.

Katika hilo iko hatari ya kuangaliwa. Baadhi ya waandishi wa vitabu vya kiada, kwa kutaka kupendeza, hujaza habari vitu vya kuchekesha visivyohusiana na kiini chake. Ruth Garner na wenzake walionyesha mwaka 1989 kwamba vitu hivyo humvuta msomaji, naye akavikumbuka hivyo na kuliacha jambo lenyewe. Pambo si haja.

Na mwalimu asiyesoma chochote nje ya kitabu cha kiada atapata taabu kuwashawishi watoto kwamba kusoma kuna ladha. Watoto huwatazama wakubwa wao. Katika zile dakika za kusoma kimya, mwalimu akitumia nafasi hiyo kusahihisha madaftari, darasa huelewa kwamba kusoma ni kazi ya watoto tu.

Kwa kuanzia hakuhitajiki fungu jipya katika bajeti. Darasa moja, muhula mmoja, vitabu thelathini vitolewe kabatini kwa idhini ya maandishi ya afisa elimu, ili mwalimu mkuu asiogope leja. Daftari la kuazimia lipigwe mistari minne: jina la mtoto, jina la kitabu, siku ya kukichukua, siku ya kukirudisha. Kama ukurasa una nafasi, uongezwe mstari wa tano, na hapo mtoto aandike mwenyewe, kwa maneno machache na bila kusahihishwa, kama kitabu kilimpendeza au hakikumpendeza, na kwa nini.